Pipa la Buluu

Miaka kumi na minne lilisimama koridoni,
kati ya mlango na ngazi, Foleshill, Coventry,
na kila apitaye alilipita ubavu.
La nyumbani, nilisema. Likijaa, nasafirisha.

Nikalijaza. Masufuria ya bei ya kutupa,
makoti ya theluji (Muheza! makoti ya theluji!),
vikombe vya kampuni ya bima iliyokwisha kufa,
pasi mbili, moja inavuja,
viatu vya Mhina, vya mtoto wa miaka tisa.
Likajaa. Nikaanza kuweka juu yake,
kisha chini ya kitanda, kisha ndani ya oveni,
nikawa napikia jiko moja, naita kubana matumizi.

Juzi Mhina kapiga simu. Ana ndevu, ana karakana ya baiskeli.
"Mama mdogo, usikasirike," kasema,
"mitumba huku tunaikanyaga. Mtaro wa sokoni umezibwa na fulana
za timu ambazo hata mwamuzi hazijui.
Ukija, njoo na mikono yako."
Nilikaa kwenye ngazi, simu mapajani.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu wangu wa buluu hajawahi kushika hata ufagio.

Basi, Saumu, wewe uliyehamia Derby mwezi uliopita
na tayari unaniuliza wapi wanauza makabati rahisi:
usinunue kabati. Kabati ni kinywa.
Anza na droo moja, ile yenye chaja za simu zilizokwisha zikwa.
Droo moja, kikombe kimoja cha chai.
Chai ikiisha, funga, kalale.
Kila kitu kiulize: unamsubiri nani?
Kikijibu "labda", huyo Labda namjua, hajawahi kuja.

Birika la umeme likiota chokaa, si kifo hicho.
Siki, maji, lichemke, lilale nayo usiku kucha.
Shuka likichakaa katikati, lipasue hapo hapo,
ushone kingo kwa kingo: kitanda hakitajua.
Nguo anika nje hata mbingu zikinuna,
upepo wa nchi hii ndio pekee usioleta bili.
Na majani ya chai yarudishe udongoni,
ila vifuko vyake vichunguze; mimi nilichimbua mboji
nikavikuta vizima, vinanicheka kama meno ya bandia.

Pasi inayovuja niliipeleka Jumamosi ukumbi wa kanisa,
kuna wastaafu wanatengeneza vitu bure, wanabishana sana.
Mzee Pritchard kaifungua, kapuliza, kaning'iniza mpira
mwembamba kama pete ya mtoto. "Huu tu," kasema.
Miaka kumi na minne, huu tu.

Makoti yalikwenda kwa waliofika jana na ubaridi wao.
Masufuria, duka la hisani; yule binti wa kaunta
aliyapokea kama anapokea watoto wa watu.
Viatu sikuvitoa. Usiniulize.
Vipo dirishani, vipya, havina safari.

Pipa lenyewe likabaki na harufu ya sabuni na ahadi.
Baldev wa namba thelathini na moja akaligonga kwa vidole,
akasikiliza kama anayechagua tikiti maji.
Tukalitoboa, tukalitia bomba,
tukaliweka nyuma ya nyumba, chini ya mfereji wa paa.
Usiku mvua ya hapa, ile isiyojua kunyesha wala kuacha,
ikaanza kuingia, tone, tone, halafu kimya, halafu tone.
Asubuhi lilikuwa robo. Baldev akanywesha uwatu wake,
mimi kotimiri, tukagawana yaliyobaki kwa ajili ya ngazi.

Koridoni sasa panapita hata baiskeli.
Lakini bado, mwanangu, nikitoka kazini gizani
na mifuko yangu miwili, miwili tu,
nikifika pale
nageuza bega.