Ulimbo

Mashine niliinunua kwa karafuu za misimu mitatu.
Ilishuka bandarini Wete vipande vipande,
ikafika Mtambwe juu ya gari la ng'ombe:
reli mbili, injini moja, na kitabu cha maelezo
ambacho kurasa zake za maana zimelowa.

Kabla yake tulikuwa na shimo.
Shaame chini, mimi juu, msumeno katikati
kama neno ambalo hakuna anayetaka kulimaliza.
Wa juu huona mstari. Wa chini hula vumbi.
Miaka kumi na moja hakuniambia kitu,
ila kila jioni aliosha macho mbele yangu,
taratibu, ili nione.

Sasa mfenesi wa mama umeanguka.
Ardhi ni ya Mbarouk, mti ni wetu;
huku kwetu mti na udongo wake
si lazima wawe wa mtu mmoja.
Sheha katia muhuri. Bwana misitu
kapima kiuno cha gogo kwa utepe, kaandika,
kala fenesi la mwisho, kaenda zake.
Warithi watatu: Shaame, mimi,
na dada yetu Riziki, aliyekuja kutoka Konde
na kigoda chake mwenyewe, akae ahesabu.

Nikatandika reli. Nikalaza pimamaji,
povu lake likakimbilia upande wa migomba;
nikachomeka kigae chini ya mguu, likarudi.
Nikanoa kwa tupa: jino kulia, jino kushoto,
la kati nikaliacha wima.
Nikahesabu hadi mia na kitu, nikapotea, nikaanza upya.
Nikaukaza mkanda mpaka ulipogongwa ukalia.

Ubao wa kwanza ulitoka wa manjano,
bizari mbichi.
Wa pili vilevile.
Wa tatu, msumeno ukaanza kupanda na kushuka,
ubao ukatoka na mawimbi,
injini ikakohoa.
Ulimbo.
Ulimbo mkandani, ulimbo kwenye magurudumu,
na unga wa mbao umeushika
kama ukoko wa sufuria iliyosahauliwa.
Nikajaribu maji ya sabuni. Nikajaribu dizeli.
Nikampigia fundi wa Chake,
akanitajia dawa inayouzwa Dar kwa bei ya mbuzi.
Shaame akatazama tu. Siku hizi macho yake ni safi.

Riziki akanyanyuka.
"Hivi nyie, mama kakulisheni fenesi umri wote ule,
hamkuona kisu alikuwa akikipaka nini?"
Akaingia jikoni, akatoka na chupa ya mafuta ya nazi
(injini nilishaizima, plagi nilishaichomoa,
hilo angalau kitabu kimelisema),
akaupaka mkanda kwa kitambaa, jino kwa jino,
huku akinuna.

Baada ya hapo gogo halikubisha tena.

Mbao ishirini na mbili.
Mafungu mawili ya Shaame, mawili yangu, moja la Riziki:
nane, nane, nne.
Zikabaki mbili.
"Na unga?" Shaame akauliza,
neno lake la kwanza tangu asubuhi. "Unga wa nani?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Nikachukua koleo, nikamjazia magunia saba,
nikayafunga midomo mwenyewe,
na vumbi likaniingia machoni, nikaliacha.

Zile mbili tumezilaza bandani,
vijiti kati yake, mawe juu yake, zikauke mwaka.
"Tutaona nani kajikunja," kasema Riziki,
akabeba kigoda chake.

Magharibi nikafuta magurudumu, nikatia grisi,
nikapitisha ukucha kwenye mkanda kutafuta ufa.
Kisha lile jambo ambalo ukurasa uliolowa
umelisaza nusu mstari:
usiku usiuache umekazwa.
Nikageuza nati mara moja,
mara mbili,
mkanda ukashusha pumzi,
na kule njiani nikasikia gari la ng'ombe
likiondoka polepole na unga wa Shaame.