Mita ya Gati la Nne

Saa moja asubuhi Pazienza inasogea gatini kwangu,
nyeupe kama jino la bandia,
mita sitini na mbili, tezi hadi omo.
Baharia mwenye soksi safi ananirushia kamba
kama mtu atoaye sadaka bila kutazama kiganja.
Nahodha anataka lita elfu sitini.
Nasema sawa. Navaa glavu. Nafungua koki.

Hapa Imperia watalii hudhani bahari ndiyo inayonuka hivi.
Siyo. Ni nywele zangu, mwaka wa kumi na tisa huu.

Mpira unatetemeka, unashiba, unalala pajani mzito.
Lita mia tano kwa dakika.
Tarakimu zinakimbizana; ile ya mwisho haisomeki tena,
imekuwa ukungu.

Baba yangu, Gaspare Ravotto, alikuwa fundi wa injini
kwenye meli ya ngano, Rosario hadi Ravenna,
meli pana, yenye kutu, isiyopungiwa mkono na mtu.
Mafuta yake meusi, mazito kama lami,
hayakutoka tangini mpaka yapashwe moto, yabembelezwe.
Kwa maili kumi na nne kwa saa, alisema,
tunakula tani arobaini na sita kwa siku.
Punguza maili mbili tu: ishirini na tisa!
Aligonga meza kwa kijiko,
mama akisema supu inapoa.
Wengine wamesikia kwamba haraka haina baraka.
Yeye alijua bei yake.

Sisemi alikuwa mtakatifu. Moshi ule uliingia vifuani mwa watu
wa miji asiyoijua hata majina.
Alilijua hilo. Alipokohoa aligeuza uso,
kama mwenye deni akutanaye na mdai sokoni.
Lakini nyuma ya moshi ule, walau, kulikuwa na mkate.

Aliposhuka melini alinunua Panda ya kijani
na hakuacha mazoea ya chumba cha mitambo:
daftari la jalada gumu, tarehe, lita, kilomita,
na safu ya mwisho, *maelezo*.
Upepo mkali. Harusi ya Delfina. Mizeituni, magunia sita.
Hospitali.
Hospitali.
Hospitali, mvua.
Miaka thelathini na moja. Nilijumlisha mwenyewe wiki ya matanga,
kwa penseli, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nililia
nikasahau kubeba moja.
Lita 13,942.

Saa moja na nusu kasoro dakika mbili.
Nilikuwa naisubiri. Navua glavu ya kulia.
Mita inaifikia namba ile na haisiti,
haipunguzi hata pumzi,
na gari zima la baba, na mizeituni yake, na barabara ya hospitali,
vinapita chini ya kiganja changu
kabla kahawa yangu haijapoa.

"Kuna shida, bibi?" anauliza yule wa soksi.
Hakuna. Glavu ilikuwa imebana.

Saa tatu nahodha anatia sahihi, kalamu yake nzito kuliko bisibisi yangu.
Mnakwenda mbali? namuuliza, kwa adabu tu.
"Gati la kumi na moja," anasema, akionyesha kwa kidevu.
Mwenye chombo atakuja Agosti, labda.
Hadi hapo ni jenereta, usiku na mchana,
maua yasinyauke, divai isipate joto.

Pazienza, kwa lugha yetu, ni subira.
Subira huvuta heri, huwavutia wengine.
Hii inavuta dizeli.

Nimeitazama ikienda hatua mia tatu,
ikageuka taratibu, ikafungwa tena.

Jioni nitajaza skuta yangu, lita nne.
Daftari lina kurasa tupu bado.
Nitaandika tarehe, lita, kilomita,
na kwenye safu ya mwisho:
Hakuna upepo. Bahari shwari.
Hakuna aliyekwenda popote.