Utepe Mweusi

Lori nilikabidhiwa Winnipeg, mwezi wa Januari.
Darlene wa ofisini alinipa funguo na kahawa isiyo na sukari,
akaniambia linakwenda tu, halina neno.
Nilicheka moyoni, kwa Kiswahili.
Chombo chenye taa ishirini na saba kifuani
kitakosaje neno?

Maneno yenyewe nilikuwa nayajua manne, matano.
Nyekundu: simama. Usiseme nikifika Kenora.
Ingia pembeni, zima, ndipo ufikiri.
Ya njano inakupa muda, haijasema muda gani.
Ya buluu ni mwanga wako mkubwa unaomchoma macho anayekuja;
shusha, naye ni mtoto wa watu.
Ya kijani haina kesi.

Mengine nilifundishwa na barabara.
Kile kibirika chenye tone mdomoni hakimimini chai:
shinikizo la oili limeanguka,
na huku wewe unatafuta miwani, chuma kinalamba chuma.
Kipimajoto kinachoogelea: maji ya injini yanachemka,
na ukifungua kifuniko kwa pupa utajua kwa nini wazee wa gereji
wana mikono yenye ramani.
Kisanduku chenye vitone ni chujio lililoshiba masizi;
lipe mwendo mrefu lijichome lenyewe,
au egesha mbali na cha kuungua, ungoje, usile haraka.
Yurea ikiisha lori halikugombezi.
Linakunyima nguvu kidogo kidogo,
hadi unatambaa, na aliyevaa viatu vya theluji anakupita akikupungia.
Upepo wa breki ukipungua, taa peke yake haijiamini:
inaita na kengele.

Nilifika Ignace usiku, baridi nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri,
kope zinagandana nikipepesa.
Harjinder alipanda kibandani na tochi kwenye paji la uso
kutazama hita tu, ndiyo iliyonipeleka kwake.
Akanyamaza.
Akakwaruza dashibodi kwa ukucha wa kidole gumba,
akabandua kitu chembamba kama punje ya mchele.
Utepe mweusi.
Chini yake, taa ya njano, ile ya breki kutokujifunga kwenye utelezi,
ilikuwa inawaka.
Tangu lini? Taa haiandiki tarehe.

Kilomita mia nne na ushei za barafu.
Vilima vyote vile baada ya Kenora,
na mimi nyuma ya usukani, mwepesi, napiga mluzi.

Waya umekatika, alisema, gurudumu la nyuma kushoto.
Kazi ya dakika arobaini.

Aliyelibandika simjui.
Nilitaka kumtukana, na tusi la Kisambaa nilikuwa nalo tayari,
lile la mama yangu, lenye mbuzi ndani.
Kisha simu ikawaka mapajani kwangu
na kando ya jina la Shekue kilikuwapo bado kile kitone,
ujumbe wa sauti, dakika tatu na sekunde nane,
sijaufungua tangu kabla ya Krismasi.
Nikaigeuza simu kifudifudi.
Tusi nikalimeza.

Sasa kila alfajiri, kabla injini haijakohoa,
nazungusha ufunguo nusu tu.
Zinawaka zote kwa pamoja, nyekundu, njano, kijani,
kama darasa linaloamka mwalimu akiingia,
na mimi naita majina:
oili, maji, upepo, masizi, breki.
Watu huogopa taa inayowaka.
Mimi nahesabu hadi ishirini na saba,
polepole, kidole kikigusa kioo,
nikimtafuta asiyeitika.