Koti la Bwana Menmuir

Kwa lugha yangu kazi hii ina jina la mzaha:
ushauri, na nasaha juu yake,
maneno mawili, yote ya mtu anayetoa.
Elspeth Cargill ameingia mikono mitupu.

Viti viwili vimekaa mshazari.
Saa ya ukutani ameigeuzia upande wake
asije mgeni akahesabiwa dakika usoni.
Chini, fundi wa funguo anachonga;
mara kwa mara chuma hulia kama jino.
Nje ni Dundee, Januari, saa kumi jioni,
na giza limeshavuka mto Tay.

Wiki ya sita hii, Bwana Menmuir hajavua koti.
Ni mwokaji wa usiku; unga umejificha
kwenye mistari ya viganja vyake, hauoshwi ukaisha.
Wiki ya kwanza alizungumzia mvua.
Ya pili, bei ya siagi.
Ya tatu hakusema kitu,
na Elspeth akakaa naye ndani ya kutosema kule,
yeye, muuguzi wa wodi miaka thelathini,
ambaye ulimi wake bado unawasha kwa amri:
meza hiki, geuka, pumua.

Leo:
"Mama aliugua miezi kumi na minne.
Nilimlisha kwa kijiko. Kanisani walinisifu."
Taya likasaga kitu kisichokuwepo.

"Na sifa zile," akasema Elspeth polepole, "zinakukasirisha."

Akalipima lile neno,
akalirudisha kama chenji pungufu.
"Hapana. Si hasira. Ni aibu."

"Aibu."
Akaliacha pale mezani. Hakulipangusa.

"Usiku wa mwisho niliomba afe kabla ya saa nne.
Saa nne naingia zamu."

Hapo nasaha zote zikamjia Elspeth mbio
kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa:
kila anayeuguza huchoka;
ni uchovu ulioomba, si moyo;
ulikuwa mwana mwema.
Na zilikuwa kweli, ndiyo taabu yake.
Akazimeza moja moja, zikamkwaruza koo.
Mtu akikufunulia kidonda
ukakimbilia kumwambia si kikubwa,
umemwambia afunike.

Wahenga wetu walisema
kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Hawakusema ufanyeje
ukialikwa kukaa ukingoni.

"Ulichoka hata ukataka afe," akasema.
"Na aliyetaka ni yuleyule aliyeshika kijiko."

"Yuleyule," akasema Bwana Menmuir.

Mashine ya chini ikanyamaza, ikaanza tena.

"Mkono uleule,"
akautazama wa kulia
kama kitu alichoachiwa na abiria mwenzake.
Hakulia. Alicheka kidogo, vibaya,
cheko la mtu aliyepapasa mfuko
akakuta risiti ya kitu alichokwisha kukila.
Kisha, akiendelea kusimulia vile vijiko,
uji gani, na jinsi mama alivyouma chuma akakataa kukiachia,
akavua koti.
Mkono mmoja, mwingine. Akalikunja magotini.

Elspeth aliona.
Ulimi ukamwasha tena.
Kuna kuona ambako ukikusema umekuiba.
Akauliza tu, "Aliking'ang'ania?"
"Aliking'ang'ania. Mzee yule! Meno matatu!"

Saa kumi na moja kasorobo.
Ngazini, Bwana Sobczak alizima taa ya duka lake.
"Yule mkubwa," akauliza, kama aulizavyo kila Alhamisi,
"umemfungua leo?"
"Mlango wake," Elspeth akajibu, akitafuta glavu,
"hauna kitasa upande wangu."
"Basi wanakulipa kwa nini?"

Hakuwa na jibu zuri.
Alipanda basi la kwenda Lochee na swali lile,
na alfajiri, dukani, alinunua mikate minne
yenye joto bado ndani ya karatasi.
Hakuuliza imeokwa wapi.
Mmoja aliula palepale barabarani, bila siagi, amesimama.