Mlio Upande wa Kushoto

Ulianza Jumatatu, kilimani, Mtaa wa Granite,
mlio wa mtu anayesaga meno usingizini.
Nikaongeza sauti ya redio.
Jumanne nikaongeza tena.
Jumatano redio ikashindwa.

Orrin fundi alilala chini ya gari, miguu nje,
soksi moja ya bluu, nyingine ya kijivu,
akasema nami kupitia tumbo la Subaru:
"Beringi ya gurudumu, Darlene. Shafti nayo imekwenda.
Breki zako ni chuma kwa chuma."
Akatoka, akapangusa mikono polepole,
polepole mno, kama daktari atafutaye pa kuanzia,
akaandika kwenye kipande cha boksi:
elfu moja, mia moja na arobaini.
Hakuitamka. Namshukuru kwa hilo.

Benki nina mia tatu na kumi na mbili.
Leo tarehe ishirini na sita; kodi ya nyumba ni tarehe mosi.
Gesi ya kupasha nyumba haina subira,
na Februari ya Butte hugandisha hata mate.
Miwani ya Wendell imelipiwa nusu.
Juu ya friji lipo kopo la kahawa lenye sarafu.
Kila nikibamiza mlango hulia kidogo,
kama zinaniambia: tupo.

Mtu hujikuna ajipatapo, wanasema.
Kinachoniwasha mimi kipo katikati ya mgongo.

Usiku nilipiga hesabu juu ya bahasha ya bili ya umeme
(yenyewe sijaifungua:
nilidhani bahasha ikifungwa, deni nalo linalala).
Nikatoa nyama. Nikatoa intaneti. Nikatoa kinyozi;
Wendell nitamnyoa mimi, Mungu amsaidie.
Nikatoa, nikatoa,
na jumla ikabaki imenikodolea macho.

Mzee Trevithick anakaa maili kumi na moja bondeni.
Sindano yake ya sukari ni saa moja asubuhi
na basi la mji huu halijui njia ya kwake.
Bila gari sina mshahara. Bila mshahara sina gari.
Nikazunguka hapo hadi saa nane za usiku,
nikisaga, kama beringi yenyewe.

Ijumaa nilirudi kwa Orrin na hotuba niliyoifanyia mazoezi kwenye kioo.
Yote ikayeyuka. Nikasema tu, "Sina."
Neno dogo. Nililing'oa kama jino.
Akakuna kidevu. Akasema kuna Subaru iliyogongwa nyuma
katika yadi ya vyuma kule Anaconda;
shafti, nikiifungua mwenyewe, dola thelathini.
"Ila beringi na breki ziwe mpya. Hapo sikudanganyi.
Kazi yangu utalipa hamsini, kila wiki mbili.
Na usiniletee keki. Kila mtu huniletea keki."

Jumamosi, theluji magotini, gari la kuazima likitungoja,
mimi na Wendell tulichuchumaa mbele ya mkosi wa mtu tusiyemjua.
Kitini palikuwa na glavu ndogo ya mtoto, moja.
Hatukuulizana.
Nati ya kwanza ilitukatalia dakika arobaini.
Wendell akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote,
kilo thelathini na nane za mvulana asiyeona mbali,
mpaka ikatoa sauti
kama mfupa, kama kicheko,
na sote wawili tukaanguka chali.

Leo Jumanne. Saa kumi na mbili na nusu, giza bado.
Nimezima redio. Nimefunga vioo.
Napanda Granite nikiwa sipumui,
nasikiliza kushoto.
Kimya.
Nyumbani nako, nilipobamiza mlango,
kopo halikusema kitu.

Bado wiki ishirini na mbili.
Mzee Trevithick ameshawasha taa ya barazani.
Kulia, mbali kidogo, kuna kitu kinagonga.
Labda ni barafu.
Labda ni barafu tu.