Ruksa

Ukuta wetu, hapa Dewsbury, ni wa tofali moja,
umejengwa na watu wa viwanda vya sufu
waliokuwa na haraka ya kulala.
Kila Jumatano saa mbili usiku
Bi Farkhanda wa upande wa pili anapandisha sauti
na wimbo unapita.

Tamthilia yenyewe siisikii.
Manung'uniko tu, mlango unabamizwa,
mtu analia, mama mkwe nadhani, ndiye anayeliza.
Wimbo ndio unaokuja mzima:
filimbi kwanza, peke yake,
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni,
halafu ngoma ndogo, halafu mwanamke
anayepanda ngazi za sauti bila kushika ukingo.

Mimi nimerudi kiwandani, nyuzi za magodoro kwenye nywele.
Chai naweka, mkate nakata, sikio naliacha ukutani.
Kiurdu sikijui. Nilianza kuchambua tu,
kama mchele kwenye ungo:
kokoto, kokoto, kokoto,
punje.
Dunia, ile ile, hata irabu haikupotea.
Safari, imekatwa mkia.
Habari, imekwaruzwa kooni.
Wakati, una haraka, umejimeza nusu.
Dua. Umri. Kismati.
Nikasimama na kisu cha siagi mkononi:
nani kampa huyu maneno ya mama yangu?

(Najua. Tulikopa duka moja kwa Mwarabu,
na hakuna aliyerudisha.)

Na mwisho wa ubeti, kila Jumatano,
sauti inashuka, inashuka, inagusa sakafu, inasema
ruksa.

Basi kisa nikakijua bila kuona picha.
Binti anaomba ruksa: ya kusoma, ya kupenda,
ya kutoka tu mpaka dukani.
Wanamnyima. Wiki ishirini na tatu wanamnyima.
Nilimpa jina, nikampa mtandio wa kijani,
nikamkasirikia baba yake huku nikishona pindo za magodoro
mpaka sindano ikavunjika.

Maana mimi nami niliomba. Mwezi wa pili.
Msimamizi, si mtu mbaya, alitazama karatasi yake:
siku tatu za msiba, na ratiba imeshapangwa.
Nauli nayo ilikuwa na lake la kusema.
Mama akazikwa Muheza saa kumi jioni,
nikamwona kwenye simu ya binamu,
udongo ukidondoka kwa vipande vya mraba,
ukiganda hewani,
ukidondoka tena.

Wiki ya ishirini na nne akagonga mlango,
bakuli la wali wa maziwa mkononi, iliki juu.
Leo mwisho, akasema. Njoo uone unachokisikiliza.
Kumbe alijua.

Hapakuwa na binti wa kunyimwa.
Palikuwa na bibi harusi mwenye nguo nyekundu,
gari lenye maua, mama kashika fremu ya mlango.
Filimbi. Ngazi. Sakafu.
Nikauliza kwa Kiingereza changu chenye viraka:
anaomba ruksa ya nini, na wote wamekubali?
Akacheka, akanijibu kwa chake, viraka vya rangi nyingine:
hilo si la kuomba. Ni la kwenda.
Bibi harusi akitoka kwao, tunasema hivyo.
Akazungusha kijiko ndani ya bakuli tupu.
Hata maiti, akasema.

Wa kwake alizikwa Mirpur, mwaka wa sabini na nane.
Barua ilifika ya siku kumi na tisa.

Basi mama alikuwa nayo.
Nimeifikiria hiyo wiki nzima, kwenye mashine.

Jumatano hii tamthilia mpya, wimbo mpya,
gitaa, na kijana anayeimbia puani. Siupendi.
Nimeokota dunia, tena, na subira.
Nikagonga ukuta mara mbili.

Akapandisha sauti.