Meza ya Mikocheni

Meza ya kwetu Manzese imeinamia choo.
Kila mtu anajua: mpira wa kushoto
unaupa nafasi ya kidole,
mteremko unamalizia.

Jana Pazi yumo kwenye runinga, moja kwa moja,
shati la kuazima, taa zinamchoma kipara.
Ukijibu unapiga; ukikosa unakaa.
"Mfupa upi mrefu kuliko yote mwili—"
"Wa paja!"
Bucha halijamtupa.

Ukabaki mweusi, jirani na tundu la kushoto,
na milioni tano nyuma yake.
Akapaka chaki. Akainama.
Akaupa nafasi ya kidole.

Meza ya Mikocheni haina kasoro.
Mpira ukaenda pale pale ulipotumwa,
ukapita kando ya tundu kama mtu anayedaiwa,
ukasimama.

Hakuna aliyecheka. Mama Getruda akazima sauti,
Akrama akatumbukiza sarafu ya mia mbili,
mipira ikashuka kwa kishindo.

Saa sita usiku Pazi akaingia, poda bado usoni.
Tukampa fimbo, hatukumpa pole.
Akaupiga mweusi huku anaagiza soda.
Ukajikunja taratibu
kuelekea chooni,
ukazama.